Koki ya Tarald

To. To. To.

Sjur aliisikia sauti ile kabla hajaona kitu. Alikuwa akimimina maji kwenye rejeta, kama alivyofanya kila mwezi wa Mei kwa miaka arobaini. Akaitua ndoo, akapiga magoti kwenye sakafu baridi ya banda, akachungulia chini ya gari.

Rejeta ilikuwa kavu kwa nje. Maji yalitoka ubavuni mwa injini, kwenye ufa wenye urefu wa kiganja.

"Baba mdogo!" Gunnvor, binti wa marehemu kaka yake, aliingia na viatu vya matope na utepe mweupe mkononi. Harusi yake ilikuwa Jumamosi. "Nimeleta wa kufunga mbele ya gari. Au huyu bibi kizee wako hataki kupambwa?"

Kisha na yeye akayaona maji.

"Injini imepasuka?"

"Imepasuka."

Gari lile la mwaka 1929 lilikuwa la ndugu wawili. Tarald, baba yake Gunnvor, hakutaka hata kusikia habari za dawa ya kuzuia maji yasigande. Alisema itapenya kila kiungo cha rejeta kuukuu. Kwa hiyo kila vuli, kabla ya baridi kali, waliyamwaga maji yote. Sjur alifungua koki ya rejeta. Tarald alijilaza upande wa pili, akafungua koki ya injini na kuichokoa kwa waya, maana kutu ilipenda kuziba tundu. Hawakuwahi kubadilishana. Tarald alizikwa Septemba. Oktoba Sjur alifungua koki yake, akafuta mikono, akafunga banda. Baridi ilipokuja, maji yaliyobaki ndani ya injini yakaganda, yakavimba, yakapasua chuma.

"Kwa nini hukufungua na ile nyingine? Unajua ilipo!"

"Ilikuwa yake."

"Baba amekufa!" Gunnvor alitupa utepe juu ya boneti. "Ulimwahidi kitandani pake, nikiwa nimesimama pale pale, kwamba utanipeleka kanisani kwa gari hili."

"Nilimwahidi."

"Na mimi nilipokuomba unishike mkono mpaka madhabahuni, ulinijibu nini?"

"Nilisema mimi ni dereva tu. Nafasi ile ni ya baba yako."

Yalipomtoka maneno hayo, Sjur aliyasikia mwenyewe. Yalikuwa yale yale ya koki.

Waya ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari, ncha imepinda vile vile alivyoipinda Tarald. Sjur akautungua. Akazunguka gari, akajilaza upande ambao hakuwahi kulala, akapapasa mpaka akaipata koki. Akaifungua, akachokoa. Maji yakatoka mekundu kwa kutu, yakamlowesha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Gunnvor alichuchumaa karibu na miguu yake. "Haisaidii kitu sasa," alisema polepole.

"Najua."

Alingoja mpaka tone la mwisho. Kisha akasema, bado yuko chini ya gari:

"Jumamosi tutakwenda kwa miguu. Nakuahidi, Gunnvor, nitakushika mkono mpaka mbele. Nitatembea upande wa baba yako."