Asali Kwenye Simu ya Bibi

Simu ya Bibi Demetria ilikuwa inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inaanza upya. Asubuhi nzima hivyo hivyo! Na mchana Mjomba Tobia angepiga simu ya video kumwonyesha Bibi somo wake, mtoto mchanga aliyepewa jina la Bibi.

"Yustina, mke mwenzangu, fanya haraka," Bibi akaniambia. "Au unanionea wivu kwa vile mume wetu ananipenda mimi?"

"Babu anaogopa kelele zako tu, Bibi."

Nikachaji, wapi! Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, kikazama, hakikurudi. Kumbe kilikuwa kinanata ndani, ndiyo maana simu inajizima. Nikanusa. Asali!

Na aliyetangazia nyumba nzima kwamba Kwaresima hii hakuna kugusa asali ni nani? Si Bibi mwenyewe!

"Bibi, kitufe kina asali."

"Nyuki hao," akajibu bila kupepesa jicho.

"Basi ngoja nimuulize mama kama amewaona."

Akanidaka mkono. "Chupa iko chini ya kitanda. Kijiko kimoja tu, mchawi wewe!"

Nikalamba. Nikafuta kitufe kwa kitambaa chenye unyevu mpaka kikaruka juu. Simu ikawaka mpaka mwisho! Mjomba akapiga, na mama akaja mbio kumwona mtoto.

"Mama, mbona wewe na Yustina midomo inang'aa hivyo?" Mjomba akamuuliza Bibi.

"Mafuta ya kujipaka, mwanangu," Bibi akasema. Halafu akajisahau, akalamba midomo.