Zawadi za Wageni wa Whitlock

Mimi nikidhulumiwa sisahau. Wenzangu huenda kanisani wakasamehe, wakarudi nyumbani wakala maandazi yao ya pierogi wakalala usingizi. Hongera zao. Mimi nilimweka wakili Whitlock moyoni kama mtu anavyoweka nyama kwenye friza, nikijua siku yake ya kupikwa itafika.

Ule mwaka makampuni ya muziki yalipochachamaa, yakaanza kuwashtaki watu waliokuwa wakichukua nyimbo bure kwenye kompyuta, yalimfikia na mwanangu Krista. Hapa hapa mjini kwetu Erie, chumbani kwake, kwenye kompyuta tuliyomnunulia alipoingia chuo cha uuguzi. Alipakua nyimbo kwa wenzake, na wenzake wakapakua kwake, kama walivyofanya vijana wote wa mtaa wetu. Hakuuza hata mmoja. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akidhani kitu kinachopatikana kwa kubonyeza hakina mwenyewe.

Na aibu ya mambo ni kwamba mimi ni dijei. Mimi na marehemu mume wangu Stan tumepiga muziki kwenye harusi za mji huu tangu Krista yuko tumboni, na kila santuri na kila sidii iliyomo kwenye makreti yetu tulinunua dukani. Stan alikuwa mkali kwa hilo. Kwa hiyo nilipompeleka Krista ofisini kwa Whitlock, ambaye makampuni yalimkodi awakamue watu wa upande wetu, nilidhani tutaelewana kama watu wazima.

"Ni mtoto tu, bwana wakili," nilimwambia. "Hakujua. Nani ameumia hapo?"

Akacheka! Alikuwa anakula mkate wa nyama ya bata mzinga, akafuta mdomo, akamtazama Krista, si mimi. "Mama, mwizi ni mwizi. Hakuna mwizi mdogo. Lipeni sasa, au tuonane mahakamani mlipe zaidi."

Tukalipa. Karo yake ya chuo ikaenda yote. Whitlock akamwamuru afute kila wimbo na aharibu kila nakala, na Krista akatia sahihi. Akaacha chuo, akaingia kiwanda cha plastiki. Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni lingine: lile neno lilimwingia. Mwanangu, aliyekuwa akiimba hata akipiga mswaki, aliacha kuimba. Redio ya gari langu ikawa haifunguliwi. Nikimwambia, "Krista, yule mtu ni mkora tu," ananijibu, "Lakini kweli niliiba, Mama." Anatembea kichwa chini, mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nikaapa kwamba Whitlock atalimeza neno lake, na Krista awepo akiona.

Mungu si Athumani. Mwaka uliofuata simu ikalia. Msichana mwenye sauti ya upole, anaitwa Meredith, anatafuta dijei wa harusi yake pale klabu ya gofu.

"Ukoo gani, mpenzi?"

"Whitlock. Baba yangu ni wakili."

"Nafasi ipo," nikasema. Haikuwepo. Nilivunja ya watu wengine.

Krista alipojua alitaka kukataa kwenda. "Utanisaidia spika tu," nikamwambia. "Mgongo unaniuma." Mgongo wangu hauna ubaya wowote. Wala sikuwa na mpango, msinielewe vibaya. Nilitaka tu niwe chumba kimoja na yule mtu, nikiwa na maiki mkononi. Mengine niliwaachia watakatifu.

Siku ya harusi ukumbi ulipendeza, lazima nikiri. Kulikuwa na ile meza ndefu ya biskuti zilizookwa na mashangazi, maua meupe kila pembe, na nyama inakatwa na mtu aliyevaa kofia ndefu. Whitlock akanijia, koti jeusi, ua kifuani, uso umeiva kwa divai. Aliniangalia usoni kabisa. Hakunikumbuka! Kafilisi nyumba yangu na hata sura yangu hakuibeba. Hapo damu ikanichemka upya.

"Dijei," akasema, ananipa sidii. "Wimbo wa dansi ya baba na binti. Ni namba nne. Usikosee."

Nikaigeuza. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa imechomwa nyumbani kwa kompyuta, majina ya Meredith na mumewe Todd yameandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito.

"Sidii yake ya dukani iko wapi, bwana?"

"Ya dukani ya nini? Meredith kazitengeneza mwenyewe, nyimbo za mapenzi yao. Tumewapa wageni wote." Akanyoosha mkono kwa fahari. "Angalia mezani."

Nikaangalia. Mnajua ile desturi ya maharusi kuwawekea wageni kizawadi, lozi zenye sukari au mshumaa. Siku hizo vijana walishika mtindo wa sidii. Juu ya kila sahani ya ukumbi ule, imefungwa kwa utepe wa fedha, palikuwa na sidii ya kuchomwa. Wageni karibu mia mbili. Mwosha huoshwa! Nilishika ukingo wa meza yangu nisije nikapiga kigelegele.

"Nitaipiga bila kukosea," nikamwambia.

Keki ikakatwa. Nikachukua maiki. "Mabibi na mabwana, sasa ni dansi ya baba na binti." Watu wakasimama, kamera zikainuliwa, Whitlock akamshika Meredith mkono akamleta katikati. Wakasubiri. Nikasubiri na mimi kidogo.

"Naomba radhi," nikasema, na spika zangu ni nzuri, zinafika mpaka jikoni. "Wimbo nilioletewa siwezi kuupiga."

Whitlock akatabasamu kwa meno. "Mashine imeharibika?"

"Mashine nzima, bwana wakili. Wimbo ndio wa wizi."

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni mzaha wa harusi. Meredith akageukia kwangu, mashavu yamemwiva. "Si wizi, nilizipakua tu kwenye kompyuta. Kila mtu—"

"Meredith, nyamaza!" akafoka baba yake.

Ehe! Uwakili umemjia kabla ya ubaba. Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mjomba mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekwisha kunywa vizuri, akapaza sauti: "Wewe si ndiye unayewashtaki watoto wa watu kwa mambo haya haya? Kumbe jambazi unaye nyumbani!"

Whitlock akaja mbio mpaka mezani kwangu. "Piga huo wimbo sasa hivi."

"Umelipiwa?"

"Leo ni harusi yake, mwanamke wewe!"

"Nakuuliza umelipiwa? Na hizi zilizoko kwenye sahani za watu, zimelipiwa?"

"Ni mtoto tu!" akapiga kelele. "Hakujua! Nani ameumia hapo?"

Maiki nilikuwa nimeisogeza mdomoni kwake. Maneno yale yakatoka kwenye spika zote, makubwa, yakapiga ukuta yakarudi. Maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Nyuma yangu Krista alikuwa anakunja waya. Nikasikia waya umeanguka.

"Rudia," nikamwambia Whitlock. "Mwanangu hakusikia vizuri."

Akamtazama Krista. Akanitazama mimi. Ndipo akanikumbuka, niliona rangi ikimtoka usoni. "Wozny," akasema.

"Mama yake Krista Wozny. Yule uliyemwambia hakuna mwizi mdogo. Mkuki kwa nguruwe, eti?"

Na mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyaandaa kwa mwaka mzima jikoni kwangu. Lakini Krista akanipita. Alikuwa amebeba kreti tupu. Akaenda meza ya kwanza, kichwa juu, akamwambia bibi mmoja mwenye kofia, kwa adabu kabisa, "Samahani, nimekuja kuchukua sidii. Nakala zote lazima ziharibiwe. Ndiyo masharti ya bwana Whitlock."

"Na biskuti?" bibi akauliza, ameshika mkoba kwa hofu.

"Biskuti ni halali, bibi. Endelea kula."

Akaenda meza baada ya meza. Hakuna aliyemzuia. Wengine walimpa wakitazama chini, mjomba yule alimpa yake na ya mkewe na akampigia saluti. Meredith alikuwa analia katikati ya ukumbi, Todd amemshika mabega. Msiniulize kama nilimwonea huruma. Huruma nilimwonea Krista, na yule binti angalau alikuwa na baba wa kumsemea.

Kreti ilipojaa, Krista akaiweka miguuni pa Whitlock.

"Na mimi nilikuwa mtoto tu, bwana," akamwambia.

Mbele ya wageni wake wote yule mtu aliinamisha kichwa akaitazama kreti. Tukachomoa nyaya zetu tukaondoka.

Kwenye gari, tulipotokea barabara ya ziwani, Krista akanigeukia.

"Mama. Ule wimbo si tunao? Kwenye kreti ya Baba."

"Tunao."

"Ungeweza kuupiga."

"Ningeweza."

"Sasa mbona hukuupiga?"

"Aliniamuru. Angeniomba, ningefikiria." Nikafikiria. "Aa, hapana. Hata angepiga magoti nisingempigia."

Krista akacheka. Nilikuwa nimeshasahau anavyocheka, anapumulia puani kama baba yake. Akajipenyeza nyuma, akapekua makreti, akarudi na sidii ile, ya dukani, karatasi ya bei bado imeganda juu yake. Stan aliinunua Krista alipopata komunyo ya kwanza. Alisema huo ndio wimbo watakaocheza wawili siku atakapoolewa. Kisha Stan akafa.

Akaitia kwenye redio mwenyewe, bila kuniuliza. Wimbo ukaanza. Aliimba kwa sauti mbovu iliyolala muda mrefu, akakosea ubeti wa pili, akaendelea. Nyumbani tulikuwa tumeshafika. Nikapita mlango wetu, nikazunguka mtaa mzima, nikamwambia aurudie.