Hatuoni!

Masikio ya Fundi yaliondoka polepole, likaanza la kushoto, la kulia nalo likafuata bila kuaga. Hakuna aliyeshangaa. Katika kile kiwanda cha nguo mitambo ya kufuma hupiga kelele kutwa nzima, na anayeitengeneza ndiye anayeiinamia kuliko wote. Meneja alisema eti ni uzee. Uzee gani, na mtu bado anapanda ngazi mbilimbili?

Ndani ya chumba cha mitambo hata wenye masikio mazima hawasikilizani. Wafumaji husemezana kwa midomo tu, bila sauti, huku mikono ikiunga nyuzi. Kwa njia hiyo wamesengenyana, wamechumbiana, wamenuniana na kupatana. Ni lugha yenye vituko vyake, maana mdomoni p, b na m hufanana. Mgeni mmoja aliambiwa alete pamba, akatimua mbio akidhani kuna mamba. Mpaka leo anaitwa Mamba.

Fundi naye alimtongoza mkewe humohumo, akijifanya anakaza skrubu. Wenzao humwita mkewe Malenga, kwa kuwa hawezi kuomba chumvi bila kutia vina. Sasa Malenga alikuwa ametunga shairi la kusomwa uani mwa kiwanda siku ya mgomo. Wafanyakazi walidai vizibo vya masikio, na matibabu kwa walioharibika masikio tayari.

"Nionjeshe hata ubeti mmoja," Fundi alimbembeleza jikoni.

"Utalipata hukohuko na wenzako. Kwani wewe nani?"

"Mumeo."

"Basi subiri kama mume."

Fundi alicheka, lakini moyoni hofu ilimshika. Jikoni mdomo wa mkewe alikuwa nao karibu. Kule uani aliogopa kwamba watu wote wangeondoka na shairi la mke wake, yeye arudi nyumbani mikono mitupu. Hakumwambia. Aliona haya.

Siku ya mgomo ilipofika, Fundi alijipenyeza mpaka mbele kabisa. Juu ghorofani meneja alisimama nyuma ya kioo cha dirisha. Malenga alipanda juu ya kreti, na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi akamkabidhi kipaza sauti, akimsisitizia akiweke karibu na mdomo. Akakiweka. Fundi akaona mishipa ya shingo ikimtoka mkewe, akaona macho yake yanavyong'aa, ila mdomo hakuuona. Akapaza sauti, asijue imekuwa kubwa kiasi gani:

"Hatuoni!"

Mwenyekiti, aliyekuwa mtu wa idara ya rangi asiyeijua lugha ya midomo, akawaamuru walio mbele wachuchumae. Lakini huko nyuma wafumaji walishaidaka: "Hatuoni! Hatuoni mdomo!"

Malenga akamtazama mumewe. Akaelewa. Akamrudishia mwenyekiti kipaza sauti chake, akaanza upya bila sauti, taratibu, silabi kwa silabi:

Mashine imeyatwaa, masikio ya mpenzi,
Naita anashangaa, hayamfiki mapenzi,
Nguo mnazozivaa, zilifumwa kwa simanzi,
Tupeni cha kuzibia, na tiba ya masikio.

Ubeti wa pili ulipofika kwenye mstari wa mwisho, wafumaji wote waliuitikia, midomo ikifunguka na kufumbika pamoja, na ua mzima kimya. Meneja akafungua dirisha. Akatoa kichwa, akakinga kiganja nyuma ya sikio. Hakuambulia kitu. Siku hiyo kiziwi alikuwa yeye. Akamtuma karani ashuke kuuliza watu wanasema nini.

"Mwambie ashuke mwenyewe," Mamba alimjibu. "Lugha hii haisomeki kwa mbali."

Meneja alisitasita pale dirishani, kisha akaonekana anashuka ngazi. Fundi hata hakumtazama. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye aliyaacha yatiririke, maana kuyafuta kungemziba macho akakosa neno.

Jioni walirudi nyumbani wakiwa wameshikana mikono.

"Pale mwanzo," Fundi akauliza, "ulisema hayanifiki mapenzi, au Mabenzi?"

Malenga alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamshika mumewe uso kwa viganja viwili, akamgeuzia kwake amwone vizuri.

"Yamefika?" aliuliza kwa midomo.

"Yamefika," Fundi akajibu, naye bila sauti.