Mzia Ndani ya Mlenda

Shemeji yangu Bashiri alituletea kutoka Tanga samaki watano wa aina ya mzia, warefu, meno nje.

"Hawa hawaogelei peke yao," alisema akiaga. "Ukiona mmoja, ujue kundi zima liko nyuma."

Mwanangu Mwanaidi, wa miaka minne, alishinda akiwaiga kwa kutoa meno.

Mama mkwe, Bi Mwantum, alikuwa amekuja kwetu Miyuji kutoka Chemba kututembelea. Aliwageuza geuza wale samaki. "Huyu si nyoka kweli?" Hata hivyo akampika mmoja kama anavyopika perege wakavu wa Mtera: akamchemsha, akamponda ponda ndani ya mboga nzito ya mlenda wa karanga. Miba ya perege mkavu hulainika. Ya mzia haikulainika, na mlenda ukaificha.

Nilikuwa naanua nguo niliposikia Mwanaidi akilia kilio cha kukwama. Nilimkuta ameshika shingo, mate yanamtoka.

"Mwiba," alisema Bi Mwantum. Tayari alikuwa anafinyanga tonge la ugali mkavu. "Ameze hili, litausukuma."

"Hapana, mama."

Sikuwahi kumwambia hapana tangu niolewe.

"Mimi nimelea saba, Rukia!"

"Najua, mama. Lakini kwenye masomo yangu ya jioni ya uuguzi tulichora koo. Tonge litauzamisha mwiba. Nishikie kichwa chake, tafadhali."

Bi Mwantum akapiga magoti, mkono mmoja kwenye paji la mjukuu wake, mwingine bado na tonge. Nikawasha tochi ya simu, nikachukua kibanio changu cha nyusi. Mwanaidi akabana midomo.

"Fungua, mwanangu. Fungua kidogo."

Akatikisa kichwa. Mate yakazidi.

Ndipo Bi Mwantum akamwinamia sikioni. "We mjukuu, mzia anatoaje meno? Hebu mtishe bibi."

Mdomo ukafunguka wote.

Niliuona, mweupe, umechoma pembeni mwa koo. Nikapumua, nikaubana, nikavuta. Ukatoka na damu kidogo.

Mwanaidi alilia, sasa kwa sauti nzima, kisha akautazama ule mwiba.

"Na wenzake wako wapi?"

Bi Mwantum akakigeukia chungu. Akakifunika, akakisogeza mbali na mtoto kwa mguu. Halafu akalitazama tonge lililobaki mkononi mwake, akalila mwenyewe, polepole, bila mboga.