Gauni Babu Kubwa

Bibi Sindano alipenda kusema kwamba mtaa mzima haukuwa na fundi wa kumfikia. Kisha huongeza mwenyewe kwamba mtaa mzima ulikuwa na mafundi wawili tu, na wa pili, mkwewe, hajui hata kutunga uzi.

Huyo mkwe ndiye aliyekaa mbele, futi shingoni, akipokea wateja. Bibi alishona nyuma ya pazia. Wateja walisikia cherehani, basi.

Zamani mteja akipendezwa alisema "nzuri," na mambo yakaishia hapo. Halafu vijana wakaja na sifa zao. Msichana mmoja alijitazama kwenye kioo, akasema, "Fundi, umeua."

Nyuma ya pazia nzi wote wakaanguka chali.

"Nani kafa?" Bibi akauliza.

"Hakuna, mama. Ni sifa. Ananisifu."

"Wewe?"

"Sisi," akasema mkwe, kwa sauti ya chini.

Bibi akafagia nzi. Mteja mwingine akasema suruali yake ni moto, na pasi ikashika moto bila mkaa. Bibi akanyoosha kazi yote ya dukani, akamalizia na mashuka ya nyumbani. Sifa zilitolewa mbele, lakini njia ya kwenda nyuma zilikuwa zinaijua. Bibi alishona huku akiimba. Kitu kimoja tu kilimkera: alitaka mtu amwambie yeye, usoni.

Siku moja akaja bibi harusi kuchukua gauni. Akalivaa, akazunguka, nalo likazunguka naye.

"Jamani, hili gauni ni babu kubwa."

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia marehemu mume wa Bibi, mkubwa kuliko alivyozikwa, kichwa kikigusa dari.

"Vua viatu," Bibi akamwambia. "Nimefagia sasa hivi."

Babu akavua. Akachungulia juu ya pazia, akalitazama gauni lile mshono kwa mshono, kisha akainama hadi usoni pa mkewe.

"Mke wangu, umeua."

"Wewe ulikufa kwa malaria, usinisingizie," Bibi akasema. Lakini alicheka mpaka uzi ukamkatikia mkononi, na Babu akaketi sakafuni kumshikia kitambaa.

Huku mbele bibi harusi alikuwa akiuliza, "Umelishona mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mikono hii."

"Basi fundi, wewe ni moto," akasema, akampa mkono wa kuagana. Nyuma ya pazia pasi ikaanza kufuka moshi. Bibi harusi hakuuachia ule mkono. "Mbona wa baridi hivi?"

Mkwe akautazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyeuazima.

"Huo sio. Mimi hushonea wa kushoto."

Bibi harusi akaushika wa kushoto. Ulikuwa barafu.