Ruhusa ya Saa Kumi

Kompyuta ya ofisi ya uchapaji ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza, kifuniko chake kikiwa sakafuni, na Fundi aliipuliza vumbi kwa mdomo kwa sababu kipulizo chake kilikuwa kimeungua. Vumbi likamrudia usoni. Mjomba, mwenye ofisi, akasema ndiyo maana mafundi huzeeka mapema. Fundi akacheka kwa adabu, akachomeka memori mpya kando ya ile ya zamani, akaibana mpaka vishikizo vya pembeni vikalia ta, akawasha.

Feni ikazunguka, skrini ikawaka. Nje asubuhi ilikuwa ya jua kali, lakini kwenye dirisha la ofisi mvua ikaanza kupiga, na mwanga wa chumbani ukawa ule wa saa kumi alasiri. Mlango ukafunguliwa. Mama akaingia na mwavuli unaochuruzika maji, akausimamisha kwenye kona ya mashine ya fotokopi, akaiendea meza ya Mjomba, akasema, "Kaka, daktari..."

Kompyuta ikazima. Mvua ikakatika, asubuhi ikarudi, na Mama hakuwepo tena.

"Inawaka, inazima," alisema Fundi. "Mara nyingi hiyo ni memori haijakaa vizuri."

Aliyekuwa amesimama nyuma yake ni mchapaji wa ofisi, ambaye wateja walimwita Dada Chapa. Mjomba alikuwa mjomba wake hasa, kaka wa mama yake, na huyo aliyeingia na mwavuli ndiye mama yake mwenyewe, aliyezikwa miaka kadhaa iliyopita, baada ya kufanya kazi kwenye meza hiyohiyo ya kompyuta. Dada Chapa alitazama pale kwenye kona ya fotokopi. Sakafu ilikuwa na maji. Akaenda kuchukua tambara, akapangusa, akarudi kusimama palepale, na tangu hapo hakuweza tena kukaa kitini.

Kisa cha memori kilikuwa hivi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta mitihani yake ya muhula, yenye michoro mingi, na kompyuta ikawa kila ikifungua mchoro inaganda. Mjomba alikubali kununua memori mpya, lakini akakataa katakata ile ya zamani itolewe. Fundi alimwambia hizo mbili hazifanani. Mjomba akajibu kwamba hata ndugu wa tumbo moja hawafanani na wanaishi nyumba moja. Alikuwa mtu wa kujibu hivyo, na watu walikuwa wamechoka kubishana naye.

Fundi alizitoa zote mbili. Akachukua kifutio cha penseli, akasugua meno ya dhahabu ya memori hizo taratibu kama mtu anayefuta kosa kwenye daftari la mtoto, akazirudisha, akawasha.

Mvua. Mlango. Mwavuli kwenye kona. Safari hii Dada Chapa aliona kwamba mama yake alikuwa akishika ukingo wa meza. "Kaka, daktari amesema nisi..."

Ikazima.

"Afadhali," alisema Fundi. "Imesogea kidogo."

"Asi nini?" aliuliza Dada Chapa. Mjomba alikuwa akipanga kalamu zake upya, za bluu kushoto, nyekundu kulia, kisha akazichanganya na kuanza tena.

Kulikuwa na jambo ambalo Dada Chapa alikuwa akilijua tangu msiba. Wakati huo alikuwa shule ya bweni, na alipofika nyumbani alikuta watu wameshajaa uani na Mjomba akiwaeleza. Dada yangu alikuwa msiri mno, alisema Mjomba. Aliumwa, akanyamaza. Angesema neno moja tu, ningembeba mgongoni mpaka hospitali. Wanawake walilia, wakatikisa vichwa, na wakayachukua maneno hayo kwenda nayo makwao. Dada Chapa naye aliyachukua. Alimkasirikia mama yake kwa kunyamaza, kwa kumwacha bila hata kumuaga, na hasira hiyo aliishi nayo kama watu wanavyoishi na jino bovu. Hakuwahi kwenda kung'oa majani kaburini. Ndugu walipomuuliza, alisema kazi ni nyingi.

Sasa alikuwa anataka sentensi ile imalizike.

"Badilisha matundu," alimwambia Fundi. "Ya kushoto weka kulia."

"Wewe nawe umekuwa fundi?" aliuliza Mjomba.

"Nimekaa na hii mashine kuliko ninavyokaa na watu, Mjomba."

Fundi akabadilisha. Akabadilisha pia kile kibetri kidogo cha mviringo kinacholinda saa ya kompyuta, kwa sababu alisema kila ikizima inasahau ni saa ngapi na kurudi kule kwa zamani. Akawasha. Mvua ilipiga kwa nguvu zaidi. Mama aliingia, akaweka mwavuli, akafuta paji la uso kwa ncha ya mtandio. Alimwona Dada Chapa amesimama katikati ya chumba. "Dada, subiri kidogo, nakuja kukuhudumia," alimwambia, kwa ile sauti ya upole anayopewa mteja asiyejulikana, akampita. Iliuma. Dada Chapa alisogea pembeni kumpisha.

"Kaka, daktari amesema nisilale leo bila..."

Ikazima.

Fundi alijikuna shingo. Alisema kwa uzoefu wake tatizo ni hizo mbili kukaa pamoja, ya zamani inavuta huku, mpya inavuta kule, mwishowe mashine inachoka. Ichaguliwe moja.

"Weka ya zamani," alisema Mjomba haraka. "Ya zamani tunaijua."

Ya zamani ikawekwa peke yake. Kompyuta ikawaka, ikasimama, haikuzima. Dirisha lilikuwa kavu. Walingoja, feni ikivuma, na mlango haukufunguliwa. Mjomba akashusha pumzi ndefu, akasema mashine imepona, Fundi anywe chai aende zake.

"Hatujaijaribu mpya peke yake," alisema Dada Chapa.

"Ya nini? Hii si inafanya kazi?"

"Mjomba, unaogopa nini?"

"Naogopa hasara."

Hapo ndipo alipoingia mwalimu mkuu, akiwa na haraka zake, kuuliza mitihani. Dada Chapa akafungua faili mbele yake. Mchoro wa kwanza ukaja nusu, skrini ikaganda, kishale kikakwama. Mwalimu mkuu akatazama saa yake ya mkononi. Akasema kwa upole kwamba kule barabara ya juu kuna ofisi nyingine, wana mashine nzuri, yeye hakuwa na nia ya kumsumbua mtu. Mjomba alimtazama mwalimu mkuu, akaitazama kompyuta, akautazama mlango. Ilionekana wazi akipima ni kipi kitamuuma zaidi.

"Weka mpya," alisema.

Fundi akaitoa ya zamani, akaiweka mpya. Kompyuta ikawaka bila kusita. Mvua ikaanza dirishani. Mwalimu mkuu akasogeza mkoba wake mbali na dirisha.

Mama aliingia, akausimamisha mwavuli, akaiendea meza, akashika ukingo wake. Dada Chapa aliibana mikono yake kwapani. Feni iliendelea kuzunguka.

"Kaka, daktari amesema nisilale leo bila kufika hospitali kubwa. Amesema isipite jioni. Naomba ruhusa."

Kompyuta haikuzima. Hakukuwa na kitu chochote kilichomlazimisha Mjomba kusema alichosema. Mlango ulikuwa wazi, mdomo ulikuwa wake, na angeweza kutamka neno lingine lolote. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amekaa pale akingoja.

"Maliza kwanza kazi ya mwalimu," alisema Mjomba.

"Jana pia nilikuomba, kaka."

"Na leo nakwambia kazi ni ya haraka."

"Sawa, kaka."

Mama alikwenda kwenye meza ya kompyuta, akakaa, akafungua faili la mitihani. Michoro ilikuja yote, mizima. Vidole vyake vilikimbia kwenye vitufe, na kila baada ya mistari michache alisimama, akakandamiza kifua kwa kiganja, akaendelea. Karatasi zilipotoka, mwalimu mkuu alizikagua, akasema ni kazi safi haina kosa hata moja, akaaga, akaenda zake. Mwanga wa alasiri ukafifia. Kiti kikabaki wazi.

"Alikwambia," alisema Dada Chapa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikwambia, tena mara mbili."

"Kwa mdomo tu," alisema Mjomba. "Hakuonyesha kuumwa."

Fundi aliirekebisha saa ya kompyuta, akakusanya bisibisi zake moja moja, akaifunga kompyuta kifuniko, akasema ikisumbua tena wampigie.

Haikusumbua. Kwa kuwa kibetri kilikuwa kipya, kompyuta ilishika saa yake vizuri, na Mama akawa anakuja saa kumi kamili tu, siku zote za kazi. Dada Chapa alimwachia kiti. Wateja walizoea; wenye nguo za kuanuliwa waliuliza kama mvua ni ya dirishani au ya kweli, wakiambiwa ya dirishani wanatulia. Wengine walianza kuleta kazi zao jioni makusudi, kwa sababu yule mama wa saa kumi hakosei. Mjomba aliweka kibao kipya nje. Mama aliomba ruhusa kila siku, kwa maneno yaleyale, na kila siku Mjomba alimjibu bila kuinua macho, amalize kwanza kazi.

Dada Chapa alikwenda kaburini siku ya mapumziko. Aling'oa majani mpaka vidole vikachubuka, akaomba msamaha kwa sauti, akalia hadharani bila kujali wapitao. Kisha akaenda kwa shangazi na mama zake wadogo, akawaeleza kwamba mama yake hakuwa msiri. Walimsikiliza. Walimwambia wamesikia kuwa marehemu anakuja ofisini, ni jambo jema, lakini mjomba wako ndiye aliyekulipia ada, usimvunjie heshima. Kwenye arusi ya binamu yake Mjomba alipewa nafasi ya kusema machache, akamkumbuka dada yake aliyekuwa msiri mno, na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Dada Chapa aliinuka akatoka nje, akazunguka maegesho ya magari mpaka watu walipomaliza kula.

"Mruhusu," alimwambia Mjomba kesho yake. "Neno moja tu. Mwambie nenda."

"Nikimwambia leo nenda, watu watauliza mbona siku ile sikumwambia."

Dada Chapa alijaribu kumruhusu yeye. "Nenda, Mama," alimwambia, na Mama akamjibu kwamba mwenye ofisi ni kaka, dada asubiri kidogo atahudumiwa. Aliwahi pia kupeleka mkono kwenye swichi ya ukutani ili aizime kompyuta, akauondoa. Kuzima hakukuwa ruhusa. Mama angekatika tu, na kesho yake angeingia tena na mwavuli uleule.

Ndipo Dada Chapa alipopata wazo. Alianza kuja ofisini kabla ya mfagiaji. Hakula mchana, hakupokea simu. Alichapa kazi zote za siku, za Mama na zake, barua, vipeperushi, mitihani, akazisahihisha, akazibana kwa pini na kuzipanga mezani kwa kufuata majina ya wateja. Mgongo ulimuuma, macho yakawa mekundu, lakini saa kumi ilipokaribia hapakuwa na hata mstari mmoja uliobaki.

Mvua ikaanza dirishani. Mama akaingia, akausimamisha mwavuli, akaomba ruhusa.

"Maliza kwanza kazi," alisema Mjomba.

"Sawa, kaka." Mama alikaa, akafunua karatasi moja, akafunua nyingine, akazipitia zote mpaka ya mwisho. Akageuka kitini. "Kazi imekwisha, kaka."

Mjomba aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Mama alisimama. Alikwenda kwenye kona, akauchukua mwavuli wake, akaukung'uta. Dada Chapa alishaufikia mlango. Aliufungua mpaka mwisho na kuushika kwa mkono mmoja, na nje jioni ilikuwa kavu na barabara ilikuwa wazi. Mama alimtazama, akatabasamu kama mtu anayemshukuru mpita njia. "Ahsante, dada," alisema, akapiga hatua.

Mjomba akavuta droo. Akatoa rasimu ya kalenda ya mwaka ujao, ambayo hakuna mteja aliyekuwa ameiulizia, akaiweka juu ya meza.

"Na hii," alisema.

Mama aliitazama kalenda. Akaurudisha mwavuli kwenye kona. "Sawa, kaka," alisema, akakaa, akakandamiza kifua kwa kiganja, akaanza na Januari.

Dada Chapa aliendelea kuushika mlango. Kompyuta haikuzima.