Tarehe Nne Machi, Kila Asubuhi

Katika kata yetu nzima ya Nyanga hakuna mwanamke aliyeijua kompyuta kabla yangu. Niliiona siku ilipoteremshwa kwenye gari, nikaizunguka mara mbili, nikauliza sindano inafungwa wapi. Kwa hiyo haya mengine nimeyapata kwa jirani yangu Verdiana, ambaye angalau alijua kuiwasha.

Ilikuwa ya mwanawe Nathanael, aliyerudi nayo kutoka masomoni Ujerumani mwaka aliomwoa Kemilembe. Disketi yake ilisomeka polepole kama mzee asomaye barua ya madai, basi Nathanael akaandika orodha ya amri ambazo mashine ilizifuata yenyewe kila ikiwashwa: tenga nafasi ndani ya kumbukumbu, ifanye kama disketi, nakili humo kila kitu, fanya kazi humo. Ikawa inakimbia.

"Lakini mama, ni kama ubao wa shule," alimweleza. "Umeme ukikatika, umefutwa. Kinachobaki ni kile cha kwenye disketi tu."

Tarehe nne Machi 1988, akiwa bado na mashavu, kabla hajaanza kukonda, aliongeza mstari wa mwisho kwenye orodha: mlete Nathanael. Akaandika tarehe hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya disketi.

Mwaka uliofuata alikufa. Kanisani ilitangazwa malaria. Malaria ilisingiziwa mengi miaka ile. Nyumba zilizopona mabomu ya vita vya mpakani zilifungwa milango kwa malaria hiyo hiyo. Matanga yalipoisha, Rugaibula, mdogo wa baba yake, alisema mjane ndiye aliyemmaliza, akachukua kibanja chote, migomba na mibuni. Verdiana ndiye aliyefunga mzigo wa Kemilembe kwa kamba. Kemilembe akaenda visiwani Muleba kuanika dagaa za wavuvi.

Nyumba ikawa kimya mno. Wiki ya tatu Verdiana akawasha mashine ili isikike japo ikiunguruma. Kwa kuwa haikuwa na saa inayokumbuka siku ikizimwa, ilianza kwa kuuliza leo ni tarehe ngapi. Verdiana akanakili ile ya kwenye disketi. Amri zikapita kiooni mstari kwa mstari, na Nathanael akatoka chumbani na sweta yake ya kijani.

"Shikamoo mama. Kemilembe yuko wapi?"

"Marahaba. Amekwenda sokoni. Kunywa chai."

Akanywa vikombe viwili. Saa nne, kwa mgao wa kila siku, umeme ukakatika, kiti kikabaki kitupu. Verdiana akaosha kikombe.

Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Nathanael hakuwa na jana, kwa hiyo soko lile lile lilitosha. Verdiana alijua kwamba akimwambia kweli, ataondoka kumtafuta mkewe na chai haitanyweka. Baada ya saa nne siku ilikuwa ndefu. Alimenya ndizi za watu wawili, akala za mmoja. Ndani ya kitabu cha nyimbo alihifadhi barua ya Kemilembe: Mama, nakohoa, naomba kurudi. Hakuijibu.

Siku moja Rugaibula alipita kuazima panga, akamkuta marehemu mezani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umenenepa." Akamvuta Verdiana jikoni. "Huyu anakaa?"

"Mpaka umeme ukatike."

Rugaibula akafikiri. "Basi kupalilia hawezi. Kibanja kibaki kwangu." Akaondoka na panga.

Jumamosi moja umeme ukasahau kukatika. Ilipofika alasiri Nathanael alikuwa amemaliza chai na habari zote, akafungua orodha yake. Zamani alikuwa ameiamuru mashine iandike kwenye disketi tarehe ya kila siku inapowashwa. Akaona tarehe nne Machi. Chini yake, tarehe nne Machi. Akashuka hivyo hivyo mpaka ya mia nne na kumi na mbili.

"Mama, hilo soko ni lipi?"

"Si hili la mjini."

"Siku mia nne?"

"Kuna foleni ya sukari," alisema Verdiana.

Nathanael hakucheka. Aliandika kitu mwanzoni mwa orodha, akakihifadhi kwenye disketi. "Nilikufa kwa nini?"

"Malaria."

"Na yeye mmempeleka wapi?"

Hapo umeme ukakumbuka kazi yake.

Jumapili asubuhi Verdiana alichemsha chai, akawasha mashine, akaandika tarehe nne Machi. Kioo kikajibu kabla ya amri nyingine zote: Si kweli, mama. Kemilembe yuko wapi? Verdiana akakisoma mara mbili. Akachukua kitambaa cha kiti, kile alichofuma Kemilembe, akafunika kioo.

Nathanael akatoka chumbani na sweta yake ya kijani, mashavu yamejaa.

"Shikamoo mama. Kemilembe yuko wapi?"

"Marahaba. Amekwenda sokoni. Kunywa chai."

Akanywa kikombe kimoja.

"Mbona umeifunika kompyuta?"

"Vumbi, mwanangu."

Nathanael akainua kitambaa. Akasoma maneno yake mwenyewe polepole, kisha akatazama ukutani. Kikapu cha sokoni kilikuwa kwenye msumari wake, pale kilipokuwa siku zote.